Kamera ndogo na picha za usiku ziwani: chenga, kutikisika na taa kuungua

Kijana_wa_Kirumba:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kupiga picha za usiku kwa kamera ndogo ya dijitali. Sizungumzii simu, wala zile kamera kubwa za kubadili lenzi. Hii ni Canon PowerShot ya pikseli milioni 12, zumu mara 4, kwenye lenzi pameandikwa 5.0–20.0mm 1:2.8–5.9. Haina M wala Tv, zile modi za kupanga mwenyewe muda wa picha. Ina Auto, ina P (nusu otomatiki), na orodha ya modi za mandhari. ISO, yaani kipimo cha kukuza mwanga, ni 80 hadi 1600.

Ninachotaka hapa Mwanza ni vitu vitatu. Cha kwanza ni Jiwe la Bismarck jioni, jiwe lionekane na anga iwe na rangi. Cha pili ni taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Cha tatu ni mama na dada wanaokaanga samaki jioni, sura na moto vionekane, bila ule mweupe wa flashi.

Kwenye Auto flashi inawaka na ziwa linakuwa jeusi tii. Nikizima flashi picha inatikisika. Nikipandisha ISO hadi 1600 zinakuja chenga tupu, zile punjepunje za rangi, na taa za barabarani zinakuwa mipira myeupe. Vitu vingine vyote ni njano. Fedha iliyopo inatosha stendi ndogo tu. Je, kamera ndiyo mbovu, au kuna namna?

---

FundiLenzi:

Mkuu, usikimbilie kununua kamera. Kwa Jiwe la Bismarck hiyo inatosha kabisa. Kwa taa za dagaa inatosha kwa masharti. Kwa wakaanga samaki ndiko itakakokubana, hapo nawaachia wengine.

Chanzo cha yote ni sensa, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera za aina hiyo hutumia sensa ya 1/2.3, karibu milimita 6.2 kwa 4.6. Eneo lake ni kama milimita za mraba 28. Kamera kubwa yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35 ina milimita 36 kwa 24, yaani 864 za mraba. Kwa shata ileile (muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga) na tundu lilelile la lenzi, sensa yako inakusanya mwanga mara 30 pungufu. ISO haiongezi mwanga hata kidogo. Inakuza hicho kidogo kilichoingia, na chenga zinakuzwa pamoja nacho. Kwa hiyo mahali ambapo kitu hakitembei, wewe ongeza muda: ISO ibaki 80, kamera ikae imara, shata ikae wazi sekunde kadhaa.

Kukosa M si mwisho. Pitia orodha ya modi za mandhari utafute Long Shutter. PowerShot nyingi ndogo zinayo, na inakuruhusu kuchagua kuanzia sekunde 1 hadi 15. Ukishaingia humo, mahali palipokuwa na alama ya +/− (ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) kwa kawaida panageuka kuwa hesabu ya sekunde, na ISO inajifunga chini yenyewe. Zima flashi. Weka taima ya sekunde 2, maana kidole kinapobonyeza kitufe kamera yote inacheza, hata ikiwa kwenye stendi. Kama kamera ina kizuia mtikisiko, kizime inapokuwa imetulia, kwa sababu kinaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kusogeza picha chenyewe.

Jambo la pili watu hulipuuza, nalo ndilo linalotenganisha picha nzuri na mbaya kuliko kamera yenyewe: saa ya kupiga. Picha nzuri ya "usiku" haipigwi usiku. Mwanza jua linazama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni, kutegemea mwezi. Novemba linawahi, Februari linachelewa. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua linashuka wima na giza linaingia haraka. Baada ya jua kuzama, kila dakika 3 hivi mwanga wa anga unapungua nusu. Dakika zako ni kama kumi na tano tu, kuanzia ya 12 hadi ya 27 baada ya machweo. Hapo anga ni bluu ya kuiva, taa za mji zimeshawaka, na vyote viwili vinalingana nguvu. Ukipiga mapema, taa hazionekani. Ukichelewa, anga ni nyeusi na taa zinaungua, kwa sababu tofauti kati ya taa na giza imezidi uwezo wa sensa ndogo. Ile mipira myeupe uliyoitaja bila shaka imetokana na kupiga giza likishaingia, kama saa 2 usiku.

Kwa ISO 80 na f/2.8 (namba ya tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni pana), bila zumu, anza hivi: dakika ya 12 sekunde 1, dakika ya 15 sekunde 2, dakika ya 18 sekunde 4, dakika ya 22 sekunde 8. Hiki ni kianzio. Mawingu mazito yanakutaka uongeze mara mbili. Baada ya kila picha tazama histogramu, ile chati ya giza na mwanga wa picha, usitazame skrini pekee, maana skrini gizani inang'aa na inakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha. Ukifika nyumbani unakuta imezama. Punguza pia mwanga wa skrini kwenye menyu kabla ya kuanza.

Usivute zumu. Lenzi yako ikiwa imerudi nyuma kabisa ni f/2.8, ikivutwa mwisho ni f/5.9. Hiyo ni tofauti ya mwanga mara 4.4. Picha ya sekunde 4 inadai sekunde 17 na zaidi, na kamera yako inaishia 15. Kama jiwe linaonekana dogo, sogea wewe. Bismarck iko karibu na ufukwe pale upande wa kivuko cha Kamanga, hakuna haja ya zumu.

---

Dada_wa_Igogo:

Naongezea alipoishia FundiLenzi. Hakugusa fokasi, yaani kulenga ukali wa picha, na gizani fokasi inaharibu picha nyingi kuliko kutikisika.

Kamera hizi hutafuta fokasi kwa kupima utofauti wa weusi na weupe. Ukiielekeza kwenye ziwa lenye giza inahangaika, fremu inageuka njano, halafu inapiga popote. Kile kitaa chekundu au cha chungwa cha mbele kinasaidia mita chache tu, hakifiki kwenye jiwe. Fanya hivi: tafuta ukingo wa kitu chenye mwanga kilicho umbali sawa na unachokipiga, mfano taa ya gati au dirisha lenye mwanga. Bonyeza kitufe nusu, subiri fremu iwe ya kijani, rudisha mkao wa picha bila kuachia, kisha malizia kubonyeza. Taima inakuvuruga hapo? Basi tumia alama ya milima, yaani fokasi ya mbali, unapopiga mandhari.

Na hapa ndipo sensa ndogo inapokuwa rafiki. Lenzi ya milimita 5 kwenye f/2.8, ukifokasi kitu kilicho mita 2, kila kitu kuanzia mita 1 hivi hadi upeo wa macho kinaonekana kikali. Kwa hiyo unaweza kuweka kiatu au chupa mita 2 mbele, ukaimulika kwa tochi ya simu, ukafunga fokasi, ukageukia ziwa. Kamera kubwa haiwezi kukupa hilo kwenye tundu lililofunguka hivyo.

Rangi ya njano: umeacha mizani ya weupe (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwenye Auto, nayo usiku hukosea. Alama ya balbu inapoza njano ya taa za zamani za barabarani, zile za rangi ya chungwa. Taa nyeupe za LED zikipigwa kwa alama ya balbu zinakuwa bluu mbaya. Kwa machweo weka alama ya jua, usiiguse tena. Anga inabaki na rangi yake halisi, na taa zinabaki na joto lake. Kwa maoni yangu njano kidogo ya taa si kosa. Anayeisafisha yote anaondoa usiku kwenye picha.

Halafu futa lenzi. Alama ya kidole kwenye lenzi ndogo kama hiyo inageuza kila taa kuwa mstari mrefu wa mwanga, na watu hudhani ni ubovu wa kamera. Kitambaa laini cha miwani kinatosha, pumulia kwanza. Na ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi kwenda ufukweni, lenzi itashika ukungu papo hapo. Iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa dakika 20, ipate joto la nje kabla hujaitoa.

Kuhusu wakaanga samaki. Karibu na balbu ya kibanda, kwenye ISO 400 na f/2.8, shata itakuwa kama 1/15 hadi 1/30. Kwenye ISO 800 ni 1/30 hadi 1/60. Mkono wa binadamu kwa lenzi pana na kizuia mtikisiko unaweza 1/15, hata 1/8 ukijibana vizuri. Lakini anayegeuza samaki hatulii kwa 1/15. Kwa hiyo subiri mkono utulie: anaponyanyua kijiko na kutazama mafuta, anapohesabu chenji, anapomsikiliza mteja. Piga picha tatu mfululizo. Mara nyingi ya kwanza imetikiswa na kidole na ya pili ndiyo kali.

Tumia modi ya P, ISO 400, na weka +/− kwenye −2/3. Hapo unapata vitu viwili kwa mpigo: shata inatoka 1/15 kwenda karibu 1/25, na balbu na moto haviungui. Kivuli utakiinua baadaye kwenye kompyuta. Mkanda wa shingoni uvute mbele hadi ukaze, viwiko vibane mbavuni, toa pumzi nusu ndipo ubonyeze.

Na omba ruhusa kwanza, uso kwa uso, kabla ya kutoa kamera. "Shikamoo mama, naomba nipige picha ya kazi yako" inafungua mlango. Akikataa, basi.

---

Mwalo_Kayenze:

Niseme kuhusu dagaa, maana hapo wengi wanakosea siku kabla ya kukosea kamera.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo ukienda usiku wa mwezi mpevu ziwa ni tupu. Panga wiki ya giza, siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mwandamo. Zamani ilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za LED za betri. Hilo linabadilisha rangi: karabai ni njano laini, LED ni nyeupe ya ubaridi. Zikichanganyika katika picha moja usijaribu kuzisawazisha, weka alama ya jua uache kila taa ijieleze.

Sasa shida ya kitaalamu. Taa zinakaa kwenye vyelezo au mtumbwini, na ziwa halitulii. Kuanzia sekunde 4 kila taa inageuka mkwaruzo. Sekunde 1 hadi 2 ndiyo salama, hewa ikiwa imetulia. Kwa muda huo ziwa lenyewe halitaonekana kabisa kama anga ni nyeusi. Usipande ISO kulifukuzia. Badala yake, piga wakati mitumbwi inatoka jioni, palepale mwaloni, Igombe au Kayenze: taa zinajaribiwa, nyavu zinapangwa, na anga bado ina bluu. Mtumbwi uliofungwa kwenye maji mafupi hauchezi sana, taa inamulika mbao na sura za watu, na unapata mita 5 badala ya kilomita 3. Ukiwa kilimani Capri Point taa za mbali ni nukta tu. Picha ya nukta nyingi inapendeza ukiwa na kitu mbele, mwamba au tawi, la sivyo ni karatasi nyeusi yenye vitone.

Kuna wale vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu la moshi. Ukiwasha flashi palipo na vijidudu hivyo, au penye manyunyu, kila kimoja kinakuwa duara jeupe. Ni kwa sababu flashi ya kamera ndogo imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, mwanga unarudi moja kwa moja. Flashi yenyewe inafika mita 3 au 4 tu. Kulimulika ziwa kwayo ni kumaliza betri bure.

Na tahadhari: viboko hutoka majini usiku kuja kula majani. Usisimame gizani kwenye matete au kwenye njia zilizolimwa na nyayo zao. Piga penye watu, na uende na mwenzako.

---

Kijana_wa_Kirumba:

Asanteni sana wakuu, na dada asante kwa ile ya mita 2. Maswali mawili. Nikiweka sekunde 8, kamera inaandika "Busy" kwa muda mrefu kabla ya kupiga nyingine. Je, kadi ni mbovu? Pili, nimeambiwa kuna modi ya Low Light inayotatua yote haya bila stendi. Kweli?

---

FundiLenzi:

Kadi ni nzima. Kwenye shata ndefu, kuanzia karibu sekunde 1, kamera ikimaliza kupiga inapiga tena picha ya giza kwa muda uleule shata ikiwa imefungwa. Kisha inatoa ile ya giza kwenye ile ya kwanza ili kuondoa pikseli zinazowaka zenyewe kwa joto. Kwa hiyo sekunde 8 zinakuwa 16 na ushee. Usizime kamera katikati, utapoteza picha. Hesabu hiyo kwenye mpango wako: katika zile dakika 15 za bluu, picha za sekunde 8 hazitafika 60 hata ukipiga bila kupumzika. Amua mkao mapema, kabla jua halijazama, usianze kuhamahama stendi ikiwa imeshakuwa bluu.

Low Light inaunganisha pikseli kadhaa kuwa moja na kupandisha ISO juu sana. Picha inatoka ndogo, na ngozi ya mtu inakuwa kama imepakwa nta. Kwa kutuma kwenye simu inafaa. Kwa kuchapisha, hapana.

---

Bugando_Juu:

Kwa heshima, FundiLenzi, hapo kwenye ISO naona unabana mno. Kuna njia ya katikati isiyohitaji stendi wala modi maalumu: piga picha nne za kitu kilekile kwenye ISO 400, mfululizo, mkono umeegemea ukuta. Kisha zipange juu ya nyingine kwenye GIMP, programu ya bure. Tabaka la chini kabisa liache uwazi 100, la pili weka 50, la tatu 33, la nne 25. Hapo kila picha inachangia sawasawa. Chenga hazifanani kati ya picha na picha, kwa hiyo zinafutana: picha nne zinapunguza chenga nusu, tisa zinapunguza hadi theluthi. Nne za ISO 400 zinakaribia usafi wa moja ya ISO 100. Kabla ya kushusha uwazi, sogeza kila tabaka likae sawa na la chini kwa kulinganisha kona ya jengo au taa.

Inafaa kwa majengo, miamba na mitaa. Watu wanaotembea watakuwa mizimu. Kamera nyingine zina modi inayofanya hivi yenyewe: Sony nyingi ndogo inaitwa Hand-held Twilight, inapiga picha 6 haraka na kuziunganisha ndani. Canon za baadaye nazo zinayo, Handheld NightScene.

Tena, kama picha inaishia kwenye simu au kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6, pikseli milioni 12 ni nyingi kupita haja. Chapa hiyo inatosheka na 1800 kwa 1200. Ukipunguza picha ya 4000 kwa 3000 iwe 2000 kwa 1500, kila pikseli nne zinakuwa moja na chenga zinashuka nusu bila kazi yoyote. ISO 400 ambayo kwenye kompyuta ukikuza inakutisha, kwenye karatasi haionekani.

---

FundiLenzi:

Sawa kabisa kwa majengo, na hesabu ya tabaka ni sahihi. Lakini kwa Bismarck maji yanacheza. Picha nne za 1/8 zikichanganywa zinatoa maji yenye vipandevipande, wakati picha moja ya sekunde 4 inayalainisha maji yawe kama kioo cha moshi. Hapo stendi haina mbadala.

---

Radi_Ziwani:

Kwa kuwa mnazungumzia shata ndefu, kuna kitu Mwanza tumejaliwa: radi za ziwani. Usiku upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana juu ya maji yenye joto na kujenga mawingu ya mvua. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria ni za usiku wa manane hadi alfajiri. Vuli na masika unaweza kuziona mbali ukiwa kibarazani.

Mbinu: Long Shutter, sekunde 15, ISO ya chini, fokasi ya mbali, lenzi pana, piga bila kukoma. Radi inajipiga yenyewe shata ikiwa wazi. Tatizo ni ileile picha ya giza: baada ya sekunde 15 za kupiga unakaa sekunde 15 kipofu, na radi nzuri inaanguka hapo. Kupunguza hadi sekunde 8 hakuponyi, nusu ya muda bado unaipoteza.

Dawa yake kwa Canon ndogo ni CHDK. Ni programu ya bure inayowekwa kwenye kadi ya memori, haifuti programu ya asili ya kamera. Ukitoa kadi, kamera inarudi ilivyokuwa. Inakupa kuchagua shata, kuzima picha ya giza, na kuhifadhi RAW, yaani faili ghafi la picha. Sharti: toleo la CHDK lazima lilingane na modeli na namba ya programu ya ndani ya kamera, mfano 1.00C, si modeli pekee. Ukiweka lisilolingana, halitawaka au kamera itaganda, toa betri urudie. Ili ijiwashe yenyewe, kile kiswichi cha kufunga kadi pembeni kinasukumwa kwenye kufungwa. Kadi inaendelea kuandika, usiogope.

Usipige radi ukiwa juu ya mwamba au chini ya mti. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo: sekunde 3 ni kilomita 1. Zikishuka chini ya 30, ingia ndani, acha kamera iendelee dirishani.

---

Dada_wa_Igogo:

Kijana, nimesahau moja ya wakaanga samaki. Kama giza limezidi hata kwa ISO 800, flashi haijakatazwa, imekatazwa ile ya Auto. Tafuta Slow Synchro kwenye menyu ya flashi. Shata inakaa wazi muda mrefu, moto na taa za nyuma zinaingia, flashi inajaza uso tu. Ziba flashi kwa tishu moja iliyokunjwa mara mbili, juu yake karatasi ya peremende ya rangi ya chungwa, ili mweupe wake usigombane na njano ya balbu. Simama upande ambao moshi hauji, moshi ukipigwa na flashi unakuwa pazia.

Na picha ikitokea na michirizi ya kulala yenye mwanga na giza chini ya taa za LED, ni kupepesa kwa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/50 au ndefu zaidi, michirizi inapotea.

---

Bugando_Juu:

Siku ukipata fedha, tafuta sensa kubwa na lenzi yenye tundu pana, usitazame wingi wa pikseli. Canon S95 ya 2010 ina sensa ya 1/1.7 na f/2.0. Sony RX100 ya 2012 na Canon G7 X ya 2014 zina sensa ya inchi 1, milimita 13.2 kwa 8.8, mara 4 ya eneo la yako, na f/1.8. Ukizidisha eneo na tundu, unapata mwanga kama mara 10. RX100 ikivutwa zumu inashuka hadi f/4.9, G7 X inaishia f/2.8. Kwa wakaanga samaki mimi ningechukua hiyo ya pili.

Ukinunua iliyotumika, ijaribu mbele ya muuzaji. Funika lenzi kwa kiganja na kitambaa cheusi, piga sekunde 15, kuza picha: nukta mbili tatu za rangi si kitu, mvua ya nukta ni sensa iliyochoka. Piga anga jeupe ukivuta zumu mwisho, madoa ya vumbi la ndani yataonekana kama vivuli vya duara. Sikiliza lenzi inapotoka, mkwaruzo wa mchanga ni hatari ya kugoma kabisa. Betri iliyovimba ikatae.

---

Kijana_wa_Kirumba:

Nimeelewa, kamera nabaki nayo. Swali la mwisho kuhusu stendi: zile ndogo za dukani zinatikisika. Naweza kutengeneza kitu mwenyewe? Fundi wa kuchomelea ana boliti za M6, anasema zinaingia kwenye tundu la chini la kamera.

---

FundiLenzi:

Usikubali M6. Tundu la kamera ni robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi, kila uzi milimita 1.27. M6 ina unene unaokaribiana, milimita 6 kwa 6.35, lakini uzi wake ni milimita 1. Inaingia duru moja mbili halafu inakata nyuzi za kamera, na kwenye kamera ndogo nyingi ni plastiki. Muombe boliti ya robo inchi yenye uzi mpana. Isiingie zaidi ya milimita 4 au 5, ukihisi imegusa ndani simama. Weka washa ya mpira kati ya chuma na kamera.

Ila kwa Mwanza huhitaji hata hiyo. Huu ni mji wa miamba. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, jaza mchele nusu kilo, theluthi mbili tu ya mfuko ili ubonyee. Uweke juu ya jiwe, ikandamize kamera ndani yake hadi ikae, weka taima ya sekunde 2, ondoa mkono. Upepo wa ziwani unaotikisa stendi ya plastiki hausogezi mfuko wa mchele. Ukishika stendi ya dukani, refusha kwanza vipande vya miguu vya juu vilivyo vinene, usiinue nguzo ya katikati, na uning'inize mfuko wa mawe chini yake, mfuko uguse ardhi kidogo usije ukabembea.

Pale kivukoni na maeneo ya bandari ongea na walinzi kabla ya kupanga vifaa, waonyeshe kamera na waambie unapiga jiwe. Fika saa 12 jioni kamili, ili hata ukisubirishwa robo saa bado jua halijazama.